Kumi na Mbili Pointi Sita

Hii habari ya mkwe wangu mnaitaka ya nini? Mkishaisikia mnaogopa kwenda chooni, na wa kuwasindikiza ni mimi mwenye magoti mabovu. Basi nasimulia mara moja, na anayetaka kulia akalie kwao.

Mume wa binti yangu ni fundi umeme wa magari. Watu walimwita Cheche. Ufundi alikuwa nao. Aibu ndiyo hakupewa. Asubuhi moja mkunga aliyemzalisha binti yangu akamletea gari lake, taa zinafifia. Ulikuwa waya umelegea tu. Lakini Cheche aliitamani betri, mpya, ina alama ya rangi ya kucha ubavuni. Mkunga alipokwenda kununua maji, akaichomoa, akaweka kimeo, betri iliyokufa aliyokuwa ameichaji asubuhi ileile.

Betri iliyokufa ukiichaji kidogo inadanganya. Ukiipima palepale inasoma vizuri. Washa taa kwanza, ndipo uione inavyoporomoka. Hilo nalijua hata mimi niliyeionea shule dirishani. Cheche hakuwasha taa. Akamwonyesha mita ya kupimia volti.

"Soma mwenyewe, mama. Kumi na mbili pointi sita. Nzima kuliko wewe."

Mkunga akacheka, akaondoka.

Saa kumi jioni gari likazimika juu ya reli. Mlinzi wa kivuko alimpigia kelele atoke. Anasema mama wa watu alikuwa anazungusha ufunguo tu, anamjibu taratibu: "Betri ni nzima. Fundi kanionyesha."

Treni haina subira.

Tulizika. Cheche alibeba jeneza, mbele kabisa. Mabaki ya gari yakatupwa kwenye vyuma chakavu, nyuma ya gereji yake.

Siku ya nane nikampelekea chakula cha mchana. Nikamkuta anapima betri ya gari bovu. Kumi na mbili pointi sita. Akapima betri ya redio, ndogo kama kidole. Kumi na mbili pointi sita. Akagusisha nyaya kwenye mbao ya meza. Ileile. Namba nazisoma, herufi ndizo hatuelewani.

"Mita yako imekufa," nikamwambia.

"Hii ya tatu, Mama," akanong'ona.

Kisha akabana waya mwekundu kwa vidole vya kulia, mweusi kwa vya kushoto. Ileile. Halafu ikaanza kushuka. Kumi na mbili. Kumi na moja. Kumi.

Nikageuka. Kule nyuma, taa moja ya gari la mkunga ilikuwa inawaka. Gari halina betri. Halina hata boneti. Namba ikishuka, taa inazidi.

"Achia, baba."

"Nimeshaachia."

Kweli. Nyaya zilikuwa zimelala mezani. Vidole vyake vimejikunja, vimeshika hewa. Namba inashuka.

Hapo akanieleza yote bila kuulizwa, kama mtu anayesoma tangazo. Nikafungua boneti ya gari lake mwenyewe. Alama ya rangi ya kucha ilikuwa inanitazama. Betri nikaichomoa mimi, kwa mikono hii, kwa sababu yake ilikuwa haishiki spana tena. Tukaipeleka kwa mume wa mkunga. Akaitazama, akamtazama Cheche, akafunga mlango. Tuliporudi taa ilikuwa imezimika.

Mita ninayo kabatini. Betri yake ndogo ya ndani niliitoa siku ileile. Jana niliifunua kitambaa. Kumi na mbili pointi sita.

Na Cheche hakufa, msisubiri hilo. Ni mikono tu. Ganzi, kuanzia viwikoni. Binti yangu anamlisha. Chai ya moto na maji ya mtungi kwake ni kitu kimoja. Mwanawe, yuleyule aliyepokelewa na mkunga, sasa anatembea. Humshika baba yake kidole wakitoka. Asipoangalia chini, Cheche hajui kama ameshikwa.