Mvuke wa New York

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya Uwanja wa Kinoru, Kajuju alikuwa amekwisha kufagia ua, kuwapa kuku mahindi na kumaliza chai yake. Kisha alivuka barabara hadi kwenye bucha ya Mzee Swaib, akasimama mlangoni na kumwita rafiki yake Shamima. Shamima hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alitoka na mkoba begani na hijabu nyeupe iliyopigwa pasi, naye Mzee Swaib, baba yake, aliinua mkono kwenye paji la uso kama askari anayepiga saluti.

"Nendeni salama, na mrudi na akili zaidi ya hizo mlizo nazo," aliwaambia kila siku, na kila siku wasichana hao walicheka kana kwamba hawajawahi kuyasikia maneno hayo.

Walikuwa wamekwenda shule pamoja tangu darasa la chekechea. Sasa ilikuwa Januari, siku ya kwanza ya Gredi ya Sita, na wakati wa chakula cha mchana wanafunzi walikusanyika karibu na tangi la maji, sahani za githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, mikononi, kusimuliana mambo ya likizo ya Desemba.

Mugendi, kijana mrefu aliyependa kusikika, ndiye aliyeanza. Alikuwa amekwenda Nairobi kwa kaka yake, akapanda lifti ya jengo la ghorofa ishirini mara kumi na moja, hadi mlinzi akamwomba ashuke. Beverlyne alikuwa amekwenda Mombasa na kuyameza maji ya bahari bila kutaka. Watu walicheka, wakauliza maswali, wakataka kusikia zaidi.

"Na wewe, Kajuju?" Mugendi akauliza. "Au ulibaki hapa Kinoru kulinda kuku?"

Kajuju alikuwa amekaa likizo yote kijijini Gachoka, kwa nyanya yake mzaa mama, ambaye wajukuu wote walimwita Cucu. Alikuwa amevuna ndengu, akazianika juani, akazipura kwa fimbo na kuzipepeta hadi zikang'aa kama shanga za kijani. Kila alasiri, kazi ilipokwisha, Cucu alimruhusu kwenda madukani, kwenye kibanda cha kunyolea cha mjomba wake Nthiga, mahali palipokuwa na televisheni ukutani. Huko alitazama filamu. Mjomba Nthiga na wateja wake walipenda filamu za jiji moja tu, New York, zilizosimuliwa kwa Kiswahili na msimulizi mmoja asiyeonekana, mwenye sauti nzito na utani mwingi. Kajuju alizitazama filamu hizo mpaka akazijua barabara za jiji hilo kuliko njia za Gachoka.

Ilikuwa likizo tamu kuliko zote alizowahi kupata. Lakini mbele ya lifti ya Mugendi na bahari ya Beverlyne, ndengu za Cucu zilionekana ndogo mno.

"Mimi nilikwenda New York," akasema.

Vijiko vilisimama hewani.

"New York ipi?" akauliza Mugendi.

"Iko moja tu. Nilikwenda na shangazi yangu." Kajuju alishangaa jinsi maneno yalivyomtoka kwa urahisi. "Teksi zote ni za manjano. Nyumba zina ngazi za chuma nje, ili mtu akikosana na mwenye nyumba apite dirishani. Na barabarani, katikati ya lami, kunatoka mvuke mweupe mchana kutwa."

"Mvuke wa nini?" akauliza Beverlyne.

Kajuju aliutazama mvuke uliokuwa ukipanda kutoka kwenye sahani yake. "Chini ya jiji kuna jiko kubwa, na humo kina mama wanachemsha githeri ya watu milioni nane."

Darasa zima lilipigwa na mshangao. Shamima peke yake ndiye aliyekunja uso. Aliuliza kwa upole, bila nia ya kumwaibisha mtu: "Kajuju, si ulikuwa Gachoka? Mama yako alituletea ndengu Jumamosi. Alimwambia mama kwamba wewe ndiye uliyezipura."

Kajuju angeweza kucheka na kusema, "Nilikuwa nawatania tu," nayo habari ingeishia hapo. Lakini kabla hajafungua kinywa, Mugendi alidakia.

"Huo ni wivu, Shamima. Wewe umefika wapi zaidi ya bucha ya baba yako?"

Wengine wakacheka. Shamima alimtazama rafiki yake, akingoja neno moja tu. Kajuju aliinamisha kichwa na kuendelea kula githeri, na githeri hiyo haikuwa na ladha yoyote.

Siku iliyofuata, Kajuju alipofika mlangoni pa bucha, Mzee Swaib alimwambia kwamba Shamima amekwisha kutangulia. Hakupiga saluti. Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Shuleni, Shamima aliitwa Mama Wivu. Naye Kajuju aliitwa Mmarekani, na kila mtu alitaka kukaa karibu naye.

Juma la pili, Mwalimu Gacheri, mwalimu wao wa darasa, aliwaambia wachague mwenzao mmoja atakayehutubia Siku ya Wazazi. Kwa miaka miwili mfululizo walikuwa wamemchagua Shamima, kwa kuwa hakuna aliyemshinda kwa ufasaha. Mwaka huu mikono yote iliinuka kwa Kajuju.

"Utazungumzia nini?" Mwalimu Gacheri akauliza.

"Atazungumzia New York, Mwalimu," Mugendi akajibu kwa niaba yake.

Mwalimu Gacheri alimtazama Kajuju kwa muda mrefu kidogo. "Vizuri. Jumatano tutafanya mazoezi. Nimemwalika mtu anayeijua kazi ya kusema mbele za watu. Yeye mwenyewe alisoma katika shule hii."

Kajuju alirudi nyumbani miguu ikiwa mizito. Siku ya Wazazi mama yake, Cicily, angeketi mstari wa mbele. Je, angesema nini mama huyo akisikia kwamba binti yake, aliyempokea akiwa na vumbi la ndengu kwenye nywele, alikuwa Amerika? Hata hivyo, jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa ule mlango wa bucha usiokuwa na mtu wa kumngoja.

Jumatano ilipofika, mgeni aliingia darasani akiwa na shati la maua na tabasamu pana. Mwalimu Gacheri alimtambulisha kwa jina la Oscar Muthamia, akamketisha nyuma ya darasa, karibu na dirisha, kwenye dawati moja na Shamima. Mgeni alitikisa kichwa kuwasalimu, asiseme neno.

Kajuju alisimama mbele. Alianza kwa sauti ndogo, kisha sauti ikapata nguvu. Alieleza teksi za manjano. Alieleza madaraja marefu. Alipofika kwenye ngazi za chuma na mwenye nyumba, mgeni alifunika mdomo kwa kiganja na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Na ule mvuke barabarani," Kajuju akaendelea, "unatoka katika jiko kubwa lililo chini ya jiji. Humo kina mama—"

"Humo kina mama wanachemsha githeri ya watu milioni nane," sauti nzito ikamalizia kutoka nyuma. "Shika kikombe chako vizuri, mambo yanachemka."

Darasa liligeuka kwa pamoja. Aliifahamu sauti hiyo. Alikuwa ameisikia kila alasiri ya Desemba, ikitoka kwenye televisheni ya Mjomba Nthiga.

Bwana Muthamia alisimama, akicheka hadi machozi. "Nisamehe, Mwalimu. Nisamehe, binti yangu. Sikuweza kujizuia. Maneno hayo ni yangu. Kazi yangu ni kusimulia filamu kwa Kiswahili, na hayo niliyatunga hapa karibu, mtaani Makutano, ndani ya chumba kidogo chenye magodoro ukutani ili ng'ombe wa jirani asisikike. Mimi New York sijawahi kufika. Pale penye mvuke nilikuwa na njaa, nikafikiria githeri."

Wanafunzi wengine walianza kucheka, wengine wakatazamana. Mugendi aliinua mkono haraka. "Lakini Mwalimu, huenda Kajuju aliuona mvuke huo kwa macho yake mwenyewe, halafu ikatokea tu kwamba maneno yanafanana."

Mlango wa kutorokea ukawa wazi. Kajuju angeweza kutikisa kichwa tu, akakubali. Aliangalia nyuma ya darasa. Shamima alikuwa ametazama nje ya dirisha, kama mtu aliyekwisha kuacha kungoja.

"Hapana," Kajuju akasema. "Sijawahi kufika New York. Nilikuwa Gachoka kwa Cucu wangu, nikipura ndengu. Hizo habari nilizitoa kwenye filamu, na utani nikauchukua nikidhani ni kweli. Shamima alisema ukweli. Mlipomwita mwenye wivu nilinyamaza, nilijua si kweli na nikanyamaza. Shamima, nisamehe."

Shamima aligeuka polepole.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa wameniita Mama Wivu, nawe umekaa hapo."

"Najua. Nilizihesabu pia."

Shamima alifikiri kidogo. "Nitakusamehe. Lakini kesho wewe ndiye utakayenibebea mkoba."

"Nitaubeba mpaka Ijumaa," Kajuju akajibu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku hizo tisa pumzi ikamshuka vizuri. Mugendi, masikio yakiwa yamemwiva kwa aibu, alisimama na kumwomba Shamima radhi bila kuambiwa na mtu.

Bwana Muthamia alikuja mbele na kuketi kwenye ukingo wa meza. "Sasa nataka kusikia habari za huko Gachoka. Filamu zangu zilitazamwa wapi?"

"Kwenye kibanda cha kunyolea cha Mjomba Nthiga."

"Na wateja walizipenda?"

Kajuju akatabasamu. "Siku moja palikuwa na filamu ya polisi wakimfukuza mwizi kwenye daraja. Mjomba alikuwa amemnyoa mzee mmoja upande mmoja wa kichwa. Wewe ukapaza sauti, 'Jamani, mwizi anapita mlangoni,' na wakati huohuo mbuzi wa Cucu akaingia. Yule mzee akaruka na shuka lake shingoni akamkimbiza mbuzi hadi sokoni, nywele zikiwa upande mmoja. Wanawake waliokuwa wakiuza maembe walidhani ni mtindo mpya wa mjini. Mpaka leo kuna vijana wawili Gachoka wanaonyolewa hivyo."

Darasa lilicheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Beverlyne aliegemea dawati akijishika mbavu. Bwana Muthamia aliomba aambiwe tena sehemu ya maembe.

"Umeona?" Mwalimu Gacheri akasema. "Hadithi hii ulikuwa nayo tangu siku ya kwanza."

Siku ya Wazazi, Bwana Muthamia alileta projekta na vipande vya filamu za New York visivyokuwa na sauti. Wasichana wawili walisimama kando ya kitambaa cheupe, Kajuju akasimulia na Shamima akauliza maswali ambayo kila mzazi angependa kuuliza. Teksi za manjano zikapita. Ngazi za chuma zikaonekana, na Kajuju akaeleza kwamba ni za kutorokea moto ukizuka. Kisha mvuke ukapanda kutoka barabarani.

"Msimulizi mmoja aliwahi kutuambia kwamba hiyo ni githeri," Shamima akasema, na Bwana Muthamia akajificha nyuma ya projekta. "Je, ni kweli?"

"Si kweli," Kajuju akajibu. "Tumesoma na Mwalimu. Chini ya barabara kuna mabomba yanayopeleka mvuke wa moto katika majengo ili watu wasigande kwa baridi. Maji yakigusa mabomba hayo yanachemka, na mvuke unapanda kama tunavyouona."

"Kumbe," Mzee Swaib akasema kwa sauti kutoka mstari wa pili, "sufuria iko, ni githeri tu inayokosekana." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama yake Kajuju, aliyekuwa amekwisha kuambiwa kila kitu nyumbani na binti yake mwenyewe, alicheka kuliko wote.

Baadaye, watu wakinywa chai, Kajuju alimwendea Bwana Muthamia. "Bwana, nawe unatunga mambo yasiyokuwepo. Mbona hakuna anayekuita mwongo?"

Mtu huyo aliweka kikombe chini na kumjibu kwa uzito, bila utani hata kidogo. "Kwa sababu ninapotunga, kila mtu anajua ninatunga. Tunacheka pamoja, na hakuna anayeumia. Wewe ulitunga ukaificha kazi yako, na rafiki yako akalipia siri hiyo. Penda kutunga, binti yangu, una kipaji. Lakini anayekusikiliza ana haki ya kujua kama unamtungia au unamtolea ushuhuda. Na ukiona mtu anaonewa kwa kusema kweli, usinyamaze hata kama kunyamaza ni rahisi."

"Nimeelewa," Kajuju akasema.

Jumatatu asubuhi alisimama mlangoni pa bucha. Shamima alitoka na kumkabidhi mkoba wake, mzito kuliko kawaida.

"Umeweka nini humu? Ijumaa imekwisha kupita, hata hivyo."

"Vitabu. Na ndengu zilizopikwa na Mama kwa chakula cha mchana, zako na zangu. Wanadarasa wote wanataka kuonja."

Mzee Swaib akaipeleka mikono yote miwili kwenye paji la uso, saluti moja kwa kila msichana.