Hadithi ni Yetu, Kitabu ni cha Kahongya

Kila siku saa kumi mwalimu Solange alifunga mlango wa chumba chake mtaani Bungulu, mjini Beni. Alifukuza kuku dirishani, akashika simu, akasoma kitabu cha watoto kwa sauti. Alimpa sungura sauti nyembamba. Alimpa chui sauti ya direkta, mkuu wa shule. Kisha aliituma sauti hiyo katika kikundi cha WhatsApp cha wazazi.

Wanafunzi wake ishirini na wawili walikuwa wamekimbia vita pamoja na wazazi wao. Walikuwa mbali na shule. Masomo yao yote yalibaki katika sauti ile. Solange alijivunia kazi yake, pengine kupita kiasi.

Jumatano moja simu ikalia. Alikuwa mwandishi wa kile kitabu, anapiga kutoka Butembo.

"Ni miye Kahongya. Jana ku soko ya Musienene, mutu moja alikuwa anauzisha bakadi ya kuweka sauti mu telefone. Ndani kuko miziki, kuko mahubiri, na kuko sauti yako, mwanzo unataja jina yako. Nilisikia kitabu yangu nzima, page kwa page! Bazazi banakataa kununua kitabu, sababu beko nayo mu telefone. Ufute ile sauti, mama."

Solange alipandwa na hasira.

"Mais lakini papa, kitabu nilinunua! Na iyi hadithi ni ya bankambo betu, babu zetu ba zamani. Mama yangu aliniambiaka iyi sungura kabla wewe uandike!"

Kahongya akakata simu. Hasira ikaisha, hofu ikaingia. Sauti zikifutwa, watoto watasikiliza nini? Solange akaenda kwa Siméon, mtunza maktaba wa parokia.

Siméon alimsikiliza mpaka mwisho.

"Madame, hadithi ya bankambo ni ya sisi bote. Hapana mutu anaweza kuifungia kwake. Mais maneno ya kitabu, vile aliipanga, na michoro, ile ni jasho ya Kahongya. Wewe ulinunua kitabu moja. Haki ya kufanya kopi haukuinunua."

"Sauti nayo ni kopi?"

"Ni kopi. Kusoma mbele ya batoto mu classe, sawa. Kutaja kipande kidogo na jina ya mwandishi, sawa, sheria inakubali. Kurekodi kitabu nzima na kuituma, pale unaomba ruhusa kwanza."

"Hata kama siuzishi?"

"Hata kama hauuzishi. Si uliona? Wewe ulitoa bure, mwingine akauzisha."

"Na kama Kahongya atakataa?"

"Donc, basi, atakataa. Ni haki yake."

Solange aliona aibu. Alifuta sauti zote za kikundi. Zile za Musienene hakuweza kuzifuta, maana maji yakimwagika hayazoleki. Akamwandikia Kahongya barua. Aliomba msamaha kwanza. Kisha akaeleza ni kitabu gani, wanaosikiliza ni nani, kwa muda gani, na kwamba hakuna atakayelipa.

Siku nne zilipita bila jibu. Watoto waliuliza kila siku. Siku ya tano Solange alimketisha mama yake, Adèle, mbele ya simu.

"Mama, utuambie ya sungura, vile unaijua wewe. Unakubali niitume kwa batoto?"

Adèle alikubali, akasimulia. Sungura wake hakumshinda chui. Alishindwa na konokono, mwenye shamba la maharage. Watoto walipotumiwa sauti hiyo walicheka sana. Solange akamtumia Kahongya sauti hiyo pia.

Jioni ile Kahongya alipiga.

"Mama Solange, ruhusa nakupatia, kwa kikundi yako tu, mpaka mwaka ya masomo iishe. Utaje jina yangu mwanzo, na uambie bazazi basiitume kwingine. Sasa ni miye niko naomba. Ile ya konokono, sikuijuaka. Mama yako atakubali niiandike?"

Solange akampa mama yake simu. Adèle alikohoa, akatengeneza kitambaa chake kichwani kana kwamba anaonekana.

"Andika, mwana wangu. Mais jina yangu iwe pale juu. Na kabla ya kuchapa, unisomee nisikie kama hauharibu."

Kitabu kilipotoka, jalada lilikuwa na majina mawili. Adèle hakuwahi kujifunza kusoma maishani mwake. Aliweka kidole juu ya jalada, akamwomba binti yake amfundishe herufi za jina lake, moja moja.