Mluzi Kifuani

Nyumbani kwa Mama Zefania, huko Ilongero, ni mwiko kupiga mluzi ndani jua likishazama, maana unaita majini. Sasa jioni moja wanakula ugali wa uwele na mlenda, mluzi mwembamba ukasikika, na hakuna aliyekuwa amebana midomo. Ulitoka kifuani kwa Felista, mke wa Zefania, mwenye mimba ya miezi saba.

Ni pumu, anayo tangu utotoni. Kabla hata hajashika mimba, nesi wa zahanati alimkanya asije akaacha inhela yake, ile dawa ya kuvuta mdomoni, kwa sababu mama akikosa hewa, mtoto tumboni naye anakosa. Lakini nesi ni nani mbele ya mama mkwe? Mama Zefania alisema dawa hiyo itamuunguza mjukuu wake, akaichukua na kuifungia kwenye sanduku lake. Zefania, mwanaume mzima na ndevu zake, akasema mama ana uzoefu.

Mluzi ulipozidi, mama mkwe akaamua kwamba Felista anawaletea majini. Akamhamishia stoo, akalale na magunia ya alizeti, vumbi tupu. Mgonjwa wa pumu, jamani.

Huko kitu kikaanza kumjibu. Kifua chake kikilia, nyuma ya magunia mluzi mwingine unaitikia. Alimwambia mumewe. Zefania alisimama mlangoni, akausikia kwa masikio yake, akanusa harufu ya mashudu ya alizeti yaliyochacha ingawa mle ndani hamkuwa na mashudu, akarudi kwa mama yake.

Akaitwa mganga, mzee Damiani. Felista alimpa shikamoo huku anahema. Kwa mganga huyo jini huhojiwa linataka nini, na likitaja linapewa, hata liseme mbuzi mweusi. Hapo Felista akapata wazo. Yeye ameomba dawa yake mpaka amechoka. Jini likiiomba, nani atalinyima?

Mganga akamfunika shuka, akanong'ona, "Wewe uliyemo humu, unataka nini?"

Felista akafungua mdomo aigize sauti nzito, ataje inhela, neno moja tu, lakini ule mluzi wa nyuma ya magunia ukasogea, ukapita juu ya vumbi, ukaingia chini ya shuka pamoja na harufu yake, ukamzama kooni kabla hajatamka, na sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya mtu yeyote aliyewahi kumsikia.

"Nilichotaka nimeshachukua," ilisema taratibu. "Mpeni dawa yake."

Ungewaona mbio zao. Mama Zefania, huyo huyo aliyekuwa anafunga, alifungua sanduku mwenyewe, kwa kuwa jini halibishiwi, mkwe ndiye wa kubishiwa. Felista akavuta dawa, akavuta tena, kifua kikafunguka na mluzi ukakata. Mganga akatangaza kwamba jini limetoka. Zefania akacheka, mama yake akamshukuru Mungu kwa sauti.

Felista hakucheka. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anabonyeza huku, anasubiri, anabonyeza kule.

"Mama," alimwambia mkwewe polepole, na sasa pumzi alikuwa nayo ya kutosha, "mtoto hachezi."