Kiti Kilichoitwa Taisto

Harufu ya lami ndiyo iliyotangulia. Kerttu aliinusa Jumanne alasiri, saa ambayo madirisha ya ofisi yao mjini Tampere yalikwisha kuwa meusi kwa majira ya baridi, akadhani ni uchovu tu. Kwa majuma mengi alikuwa akisoma kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu ile ya chini kabisa inayozigawia programu zote nafasi katika kumbukumbu, akisaka makosa ambayo wenye macho mazima walikwisha kuyapita. Macho yake yalichoka, mgongo ulichoka, hata kahawa ya ofisini ilionekana kuchoka.

Lakini harufu haikuondoka. Ilikuwa ya zile peremende nyeusi zenye ladha ya lami alizokuwa akimung'unya Taisto, mwenzao aliyefariki mwezi wa nne. Nayo ilitoka kwa Meeri, mama wa makamo aliyeajiriwa juzijuzi akapewa kiti cha marehemu.

"Unakula peremende?" Kerttu akauliza.

"Mimi? Hata sizipendi." Meeri akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi kikavu, kisha akagonga meza kwa kidole, na mlio ukawa wa pete juu ya mbao.

Taisto alikuwa akikohoa hivyo. Taisto alikuwa akigonga hivyo. Meeri hakuwa amevaa pete.

Baada ya mazishi, Jouko, mcheshi wa ofisi, ndiye aliyeanzisha desturi ile: kila aingiaye asubuhi aguse kiti kitupu na kusema, "Umeamkaje, Taisto?" Ulikuwa mzaha wa watu waliofiwa, nao wakauzoea, na hata Meeri alipokwisha kuketi pale, mikono yao iliendelea kugusa mgongo wa kiti, na vinywa vyao vikaendelea kulitaja jina lile lile juu ya kichwa chake. Kerttu alikuwa na desturi yake ya siri. Jioni, akizima taa, alinong'ona, "Lala salama, Taisto." Enzi za uhai wake mzee yule alimjibu daima, "Kesho mapema, Kerttu," naye Kerttu akaitika, "Mapema."

Alhamisi Meeri alimfuata jikoni, akaurudisha mlango taratibu.

"Kerttu, usinicheke."

"Nicheke kwa nguvu zipi?"

"Jana nilimpigia binti yangu simu. Nikataka kumwita, jina likagoma. Nikamwita Lumme. Lumme ni nini, ndugu yangu?"

Kerttu aliweka kikombe chini. Lumme ilikuwa mashua ya Taisto, iliyolala chini ya turubai kando ya ziwa.

"Na binti yako anaitwa nani?"

Meeri alifunua kiganja. Palikuwa na jina limeandikwa kwa kalamu. "Nikilisoma," akanong'ona, "naona ni la mtoto wa jirani."

Kerttu alirudi kwenye kioo cha kompyuta yake akiwa hana pa kuegemea. Mbele yake palikuwa na mistari aliyoiacha asubuhi, na ndani yake kosa alilokwisha kuliona mara nyingi kiasi cha kulichoka: programu imepewa nafasi katika kumbukumbu, imeimaliza, imeirudisha, mpangaji mwingine amekwisha kuingia, lakini mahali fulani mbali kuna aliyesahau kuiachia anwani ya zamani, naye anaendelea kuandika humo habari za yule aliyeondoka, neno juu ya neno, mpaka mpangaji mpya anafutika akiwa ameketi nyumbani mwake. Akainua macho. Meeri alikuwa akikohoa.

Alimvuta Jouko kando. "Tuache kumwamkia Taisto. Kuanzia sasa."

"Umechoka, mama. Nenda sauna, ukalale."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini sisi ndio tunaomwita. Tunamwita kila siku, na kuna kitu kimeitika."

Jouko alikuwa anaanza kutabasamu Meeri alipozungumza nyuma yao, bila kugeuza uso, kwa sauti nzito ya mwanamume aliyezeeka. "Jouko. Koti langu la mvua utalirudisha lini?"

Tabasamu likafia mdomoni. "Hakuna anayejua habari za koti," Jouko akanong'ona. "Nililiazima wiki ile aliyokufa. Sikumwambia hata mke wangu."

Taa zilififia, harufu ya lami ikazidi kuwa nzito hadi ikakwaruza koo, na kutoka kwenye kiti, ambacho Meeri alikuwa amekikalia bila kutikisika, ukaanza kusikika mlio wa pete ukigonga, ukagonga, ukagonga, mezani, kisha dirishani, kisha ukutani nyuma ya migongo yao, ambako hapakuwa na mtu wala mkono.

"Tufanyeje?" Jouko aliuliza.

"Kama tunavyorekebisha makosa humu kila siku. Kila aliyeshika, aachie."

Jouko alikiendea kiti kama anayekanyaga barafu changa. "Taisto, koti nitampelekea mkeo. Nakuachia, bwana. Sitakuita tena."

Kerttu aliweka kiganja juu ya mgongo wa kiti. Ulikuwa na joto la bega. Alitamani kukaa hivyo kidogo tu. "Nami nakuachia," akasema.

Mgongo wa kiti ukapoa chini ya kiganja chake. Meeri akashusha pumzi ndefu, akatazama huku na huku kama aliyeamshwa safarini.

"Venla," akasema bila kutazama kiganja. "Binti yangu anaitwa Venla." Akalia, akacheka, akampigia simu palepale.

Kiti walikishusha wenyewe hadi stoo ya chini. Meeri akaenda nyumbani, Jouko akaenda kulirudisha koti. Kerttu alibaki kumalizia mistari ile: akalirekebisha kosa, akatia jina lake kuthibitisha kwamba hapana tena anayeishika anwani ya zamani, akavaa koti lake zito na kunyoosha mkono kwenye swichi. Maneno ya kila jioni yalimjia ulimini. Akayauma. Akazima taa kimya.

Kikohozi kikasikika gizani, mara mbili, pale palipokuwa na kiti.

"Kesho mapema, Kerttu."

Alikuwa amechoka mno, na miaka ya kumjibu ilikuwa mingi. Kabla hajauziba mdomo wake, ulikuwa umekwisha kuitika.