Theluthi Si Nyumba

Jumamosi ya kwanza ya Machi, nusu ya watu wa Croydon ilikuwa kama imekubaliana kwenda kununua nyumba siku moja. Foleni ilianzia mlangoni mwa fleti ya maonyesho, ghorofa ya tisa, ikateremka ngazi mbili nzima. Kila aliyeingia alipewa vifuko vya plastiki vya bluu avishe viatu vyake asije akachafua zulia. Rowena Tuffnell, fundi wa miwani mwenye miaka thelathini na minne, alivaa koti la mvua la rangi ya haradali na kushika daftari. Aliandika kila alichokiona: kelele za treni, unyevu kwenye kona ya bafu, kabati ambalo milango yake ilikuwa ya kuchorwa tu. Alipoingia chumbani alimkuta mwanamume amelala chali kitandani, mikono kifuani, miguu yenye vifuko vya bluu ikining'inia nje.

"Samahani, kaka. Umechoka au umekufa?"

"Napima," alijibu, macho bado kayafumba. "Hiki kitanda ni cha mtoto. Wamekitengeneza kifupi ili chumba kionekane kikubwa. Jaribu uone."

"Nilale na mtu nisiyemjua hata jina?"

"Alwyn Garside. Dereva wa tramu. Haya, umeshanijua."

Mwuzaji aliingia wakati huo huo, mama mmoja mwenye skafu ya hariri na manukato yaliyomtangulia. "Aa, wapenzi wangu! Mnapendezaje humu ndani!" Kabla hawajapata nafasi ya kukanusha, alikwishaanza kueleza. Huu ni umiliki wa pamoja. Unanunua sehemu, hata robo tu ukitaka, na iliyobaki ni ya chama cha nyumba, unawalipa kodi yake. Ukipata nguvu unanunua sehemu nyingine, kidogo kidogo. "Sisi tunaita kupanda ngazi. Ninyi wawili mtaanzia na sehemu gani?"

"Sisi si..." Rowena alianza.

"Hatujaafikiana bado," Alwyn alimkatiza kwa upole. "Mwenzangu analalamikia kitanda."

Rowena alicheka hadi penseli ikamponyoka. Saa moja baadaye walikuwa mkahawani, kila mmoja na kikombe cha chai na mkate wa zabibu uliopakwa siagi, nao wanabishana nani kamponza mwenzake.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu. Alwyn alipiga kila alipofika kituo cha mwisho, dakika sita kabla ya kugeuza tramu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula sandwichi ya jana. Ina umri mkubwa kuliko tramu yenyewe."

"Njoo jioni nikupikie. Ila mwenye nyumba asikusikie ukipanda. Anahesabu vikombe vinavyooshwa."

Wenye nyumba kama huyo ndio waliomfanya Rowena atake kwake mwenyewe. Ndani ya miaka kumi alikuwa amehamishwa mara tano. Mara nyumba inauzwa, mara mtoto wa mwenyewe anarudi kutoka chuoni. Alikuwa na sanduku moja ambalo hakuwa amelifungua tangu nyumba ya tatu. Ndani yake mlikuwa na mapazia.

Mwaka wa pili wa mapenzi yao, jengo jipya lilipoanza kuinuka karibu na njia ya tramu, Rowena alilitoa daftari. Walikaa jikoni, mvua inapiga kioo, viazi vya kukaanga na samaki vimefunguliwa juu ya karatasi, harufu ya siki imejaa chumba kizima.

"Nitakusomea mazuri kwanza," Rowena alisema. "Malipo ya mwanzo ni madogo. Hakuna wa kutuambia tuhame. Ukuta tunapaka rangi tuitakayo."

"Nataka kijani."

"Kijani hapana. Sasa mabaya. Ile sehemu ya chama, kodi yake inapanda kila mwaka. Kuna ada ya ngazi, lifti na bustani, nayo wanaipanga wao. Haturuhusiwi kumpangisha mtu. Tukitaka kuuza, lazima tuwaambie wao kwanza."

"Ngoja kidogo. Tukinunua asilimia arobaini, bomba likipasuka, linapasuka kwa asilimia ngapi?"

"Mia moja."

"Na nani anatengeneza?"

"Sisi. Mia moja."

"Basi huo si umiliki wa pamoja, Rowena. Hiyo ni ndoa. Mmoja anamiliki, mwingine anakarabati."

Rowena alimrushia kiazi. Kisha akafunga daftari, uso wake ukatulia. "Najua mabaya ni mengi kuliko mazuri. Nimeyahesabu. Lakini mlango utakuwa wetu. Hata kama ni asilimia arobaini ya mlango, atakayefunga kutoka ndani ni mimi na wewe."

Alwyn aliushika mkono wake uliokuwa na mafuta ya samaki. "Basi tuununue huo mlango."

Fomu waliijaza pamoja, bega kwa bega. Swali la saba liliuliza: Je, mmoja wenu anamiliki nyumba, au sehemu ya nyumba, mahali popote? Rowena aliweka alama kwenye *hapana* bila kuwaza. Alwyn alikawia kidogo, akakuna shingo, akaweka alama yake chini ya ile ya Rowena. Rowena alikuona kule kukawia. Alidhani kalamu imeisha wino.

Wiki saba zilipita. Walichagua fleti ya ghorofa ya nne inayotazama mashariki. Rowena alilifungua sanduku, akayafua mapazia, akayapiga pasi.

Simu ya wakili ilimkuta dukani, akimpima bibi mmoja fremu. Wakili aliitwa Thirza Lumb, mwanamke wa sauti kavu, mwaminifu kwa karatasi zake.

"Bi Tuffnell, ulifahamu kwamba Bwana Garside ana theluthi ya nyumba huko Cleethorpes?"

"Hapana. Lazima ni Garside mwingine."

"Ni yeye. Ni urithi kutoka kwa mama yake. Watoto watatu, sehemu sawa. Chama kimesimamisha ombi. Mtu mwenye nyumba haruhusiwi kwenye mpango huu, na ninyi mmeandika hana."

Rowena alirudi kwa yule bibi, akamvisha fremu juu chini.

Alwyn alifika jioni ile na sare yake ya kazi, kofia mkononi. Hakukana.

"Anaishi Noreen pale. Dada yangu. Alimwuguza mama miaka kumi na moja, hakuolewa, hakwenda popote. Ningeandika ndiyo, wangeniambia niuze. Noreen angeenda wapi?"

"Sikuulizi kuhusu Noreen. Mimi ungeniambia."

"Sijawahi kuihesabu kama nyumba yangu. Ni theluthi, Rowena. Theluthi si nyumba."

"Asilimia arobaini tuliijadili tukila, tukaipangia rangi, tukaiita kwetu. Theluthi si nyumba?"

Alwyn hakuwa mwongo, na hilo ndilo lililomuuma Rowena zaidi. Aliamini kweli alichokisema, kama mtu anayeamini koti la baba yake si lake ingawa analivaa kila siku.

"Ungekuwa na nia ya kukaa na mimi ungeniambia," Rowena alisema.

"Nia ninayo."

"Nia yako ina mlango wa nyuma. Nenda nyumbani, Alwyn. Unayo."

Baada ya hapo, simu za dakika sita ziliita kwa siku kumi na nne bila kupokelewa. Siku ya kumi na tano hazikuita.

Rowena aliomba upya peke yake. Mshahara mmoja ulimpatia robo tu, na robo ile benki iliikubali kwa masharti na kwa muda maalumu. Alihesabu tena mazuri na mabaya. Safu ya mazuri ilikuwa imepungukiwa na mstari mmoja. Hakujaza kitu pale.

Mwezi Novemba, Alhamisi, alimkuta Alwyn amesimama nje ya duka la miwani, amevaa suti ya kijivu aliyoivaa kwenye mazishi ya mama yake. Mvua ilikuwa imemlowesha mabega.

"Nimempa Noreen," alisema hata kabla ya salamu. "Theluthi yangu. Tumekwenda kwa mwanasheria, nimesaini, amelia, nimelia, tukala keki. Sina nyumba popote, Rowena. Waulize."

Rowena hakujua kwamba alikuwa akimngoja mpaka alipouhisi uso wake umelowa, naye alikuwa chini ya kibaraza mahali pasiponyesha.

"Mjinga wewe," alisema. "Umeshatoa kila kitu?"

"Kila kitu. Nilivaa suti kabisa."

Waliingia mkahawa wa karibu, wakaagiza chai. Walicheka. Walishikana mikono juu ya meza. Kisha Rowena akamweleza kilichobaki, kwa uangalifu, kama anavyomweleza mgonjwa habari za macho yake. Ombi sasa liko kwa jina lake peke yake. Kulibadilisha ni kuanza upya mwisho wa foleni, na ahadi ya benki inaisha kesho saa sita mchana. "Hamia kwangu. Nitakuingiza baadaye, nikishapanda ngazi. Ila kila mtu mzima atakayeishi humo ambaye hana jina kwenye hati lazima asaini hii." Alitoa mkobani karatasi ambayo wakili alimpa Jumanne, endapo atakaa na mtu.

Alwyn aliichukua karatasi, akaisoma yote, polepole, kidole kikifuata mistari.

"Inasema sina haki yoyote humo ndani. Sasa wala baadaye."

"Ni ya benki. Ni kawaida."

"Nikisaini, naitwa nani?"

"Mkaaji."

"Kama paka."

"Paka hasainishwi."

Alitabasamu, na Rowena akaona ilivyomgharimu tabasamu lile. "Haya. Kalamu."

Hati ya namna ile haisimami bila shahidi, tena shahidi asiwe ndugu wala asinufaike na kitu. Rowena alimwita mhudumu, msichana mwenye aproni na nywele zilizofungwa kwa penseli. Msichana alikuja akipangusa mikono, akaiona suti, akaiona kalamu, akaona mikono ilivyoshikana.

"Jamani! Ni ya ndoa?"

Alwyn alimtazama Rowena, masikio yamemwiva kwa haya.

"Siyo hii," alisema. "Lakini inaweza kuwepo na hiyo. Rowena, unaonaje? Sina pete. Nina suti."

Moyo wa Rowena uliruka kusema ndiyo. Neno lilifika mdomoni. Lakini nyuma yake ilikuja sauti kavu ya Thirza Lumb, maneno ya Jumanne tu: *Mkija kuoana, uje kwangu kwanza. Mume ana haki zake, fomu hii itabidi tuiangalie upya.* Aliwaza kesho saa sita mchana. Aliwaza mapazia. Hayo yote hayakuchukua muda mrefu zaidi ya mtu kumeza mate.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mpenzi. Ila tungoje nipate funguo kwanza."

Alwyn aliutazama uso wake kama dereva anavyoitazama taa ya njia, kisha akaiweka kalamu mezani, sambamba na ukingo wa karatasi.

"Umehesabu," alisema.

"Alwyn, sikiliza..."

"Sikulaumu. Na mimi nilihesabu, siku ile ya fomu. Nilimhesabia Noreen, wewe nikakuacha nje. Leo umejihesabia wewe." Alisimama, akavuta koti. "Ningesaini kuwa paka wako, Rowena. Nilikwishaamua. Lakini ningekuwa kila siku naisikia hiyo *kwanza*."

Mhudumu alihamisha uzito mguu huu hadi huu. "Samahani... basi mimi nisaini wapi?"

"Hakuna cha kushuhudia, dada," Alwyn alimjibu kwa upole. Aliacha sarafu za chai yake na ya Rowena, akatoka. Kupitia kioo, Rowena alimwona akivuka reli, akiangalia kushoto, kisha kulia, kama wanavyofanya madereva wa tramu hata siku ya mapumziko. Alinyanyuka nusu, akakaa.

Asubuhi iliyofuata, saa tano na robo, alimpigia wakili.

"Ile fomu ya mkaaji," alisema. "Haitakuja."

"Kwa hiyo mtaishi wangapi?"

"Mmoja."

Karatasi zilisikika zikigeuzwa upande wa pili. "Vizuri," alisema Thirza Lumb, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. "Hilo linarahisisha mambo."

"Ndiyo," alisema Rowena. "Asante."