Kasha Lililoitika Hodi

Maiti ya Fundi Hodi ilikuwa imelala chali kando ya meza yake ya kazi, mkono wa kulia umenyooka, kiganja wazi. Katikati ya kiganja palikuwa na alama nyeusi ya kuungua. Juu ya meza, kompyuta mpya ya michezo ilikuwa imefunguliwa ubavu.

"Msiguse kitu," Inspekta aliwaambia askari wake. "Umeme wa duka zima umezimwa?"

"Umezimwa, afande."

"Hakikisha tena."

Inspekta hakuwa mtu mwoga. Lakini mwizi utamsikia hatua zake. Umeme huna habari nao mpaka umeshakushika.

Daktari wa polisi aliinuka akijifuta magoti. "Umeme uliingia kiganjani ukatokea unyayoni. Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele."

"Kiganja? Si kidole?"

"Kiganja kizima, Inspekta. Kama mtu aliyelaza mkono kwa kukusudia."

Inspekta alikitazama kile kiganja. Alijua kwa nini. Wateja wote wa duka lile walijua. Fundi hakuwa akigusa kipuri kabla ya kulaza kiganja kwenye chuma cha kasha la kompyuta, ili chaji ya mwilini imtoke isije ikaharibu vipuri. Kila mara alisema, "Hodi humu ndani!" Jina likamganda.

Inspekta mwenyewe aliisikia hodi hiyo alipokuja kumnunulia binti yake kompyuta ya michezo. Alikuwa ameelekeza kidole kwenye kasha lenye taa za rangi, fundi akacheka.

"Mzee, hiyo ni bwana harusi aliyeazima suti. Anza na pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, huo ndio moyo. Nunua yenye nguvu kuliko unayohitaji leo, ili mwakani ukiongeza kadi kubwa ya picha isihemewe. Bodi iwe inayokubali prosesa bora zaidi baadaye. Ramu, yaani kumbukumbu, weka kijiti kimoja kikubwa, tundu la pili liache wazi. Anayejaza matundu yote leo kwa vijiti vidogo, kesho atavitupa vyote. Mimi sijazi tundu la mtu asiye tajiri!"

Sasa Inspekta aliinama juu ya mashine iliyomuua. Matundu ya ramu yalikuwa mawili. Yote yalikuwa yamejazwa vijiti vidogo.

Hii haikuwa kazi ya Fundi Hodi.

Nyuma ya pazia la stoo alisikika dada wa marehemu akilia. Mumewe, aliyekuwa mshirika wa biashara na ambaye hata wateja walimwita Shemeji, alisimama mlangoni akipangusa jasho.

"Nani aliiunda hii?" Inspekta aliuliza.

"Yeye, afande. Tangu asubuhi alikuwa nayo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Stoo. Nilisikia kishindo tu. Ajali kazini, afande. Ndiyo kazi yetu."

"Tangu asubuhi, na haikumrusha mpaka mchana?"

"Umeme hauna adabu, afande."

Askari wa alama za vidole, aliyekuwa akipuliza unga wake juu ya kasha, aliinua kichwa. "Afande, marehemu ana alama moja tu hapa. Ya kiganja, juu ya kasha. Kwenye skrubu na ndani kote ni vidole vya mtu mwingine."

Shemeji alificha mikono mfukoni.

"Fungua pawa saplai," Inspekta aliamuru.

Mfuniko ulitoka. Kisanduku kilikuwa kizito mkononi kama visanduku bora, lakini ndani mlikuwa na saketi nyembamba na pande la saruji lililobandikwa gundi ili kuongeza uzito. Waya wa kupeleka umeme ardhini ulikuwa umekatwa. Waya mwingine, wenye umeme, ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kasha.

Dada mtu alitoka nyuma ya pazia, macho mekundu. "Juzi mteja alirudisha mashine," alisema. "Alisema mwanzoni ilikuwa inatekenya tu ukiigusa. Kisha ikamrusha mtoto wake hadi ukutani. Kaka aliifungua, akayaona yaliyomo. Hata chakula hakula."

"Nyamaza, mama watoto!" Shemeji alifoka.

"Ninyamaze nini? Huyo ni kaka yangu amelala pale!"

Inspekta hakuwasikia tena. Kupitia pazia lililobaki wazi alikuwa akitazama rafu ya stoo: visanduku vyeusi vya aina ileile, vimepangana mpaka dari. Marehemu ndiye aliyemshauri, ndiyo. Lakini siku ya kuichukua kompyuta, aliyemkabidhi alikuwa Shemeji, akitabasamu. Na binti yuko nyumbani peke yake, shule zimefungwa. Saa hizi yuko mbele ya ile kompyuta, visikilizi masikioni.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita.

"Konstebo! Chukua gari, nenda kwangu. Zima umeme kwenye mita kabla hujaingia ndani. Kimbia!"

Kisha alimgeukia Shemeji. Sauti yake ilishuka, na kwa kushuka huko ikatisha zaidi.

"Pawa saplai hizi umeziweka kwenye mashine zipi?"

"Afande, mimi..."

"Mwanangu anayo mojawapo. Zipi?"

Shemeji alitazama uso ule, akaona hauna mlango wa kutokea. Akatoa mikono mfukoni.

"Zote nilizounda mimi," alisema. "Fundi alipokuwa akitoka kwenda kutafuta vipuri, niliunda mwenyewe. Pawa saplai nzuri nikaziuza pembeni, nikaweka hizi feki. Ramu nikajaza vijiti vya bei ya chini. Mteja akiona matundu yamejaa anafurahi. Afande, watu wananunua taa! Moyo hauonekani!"

"Na yeye?"

"Aliniambia leo atawaita wateja wote warudishe mashine, kisha twende polisi, mimi na yeye. Nilimpigia magoti. Akasema, 'Shemeji, akifa mtoto wa mtu, magoti yako yatamfufua?' Ningefungwa. Wanangu wangeitwa watoto wa muuaji."

"Ndiyo ukawa muuaji."

"Nilifunga ule waya kwenye kasha, nikaiweka mashine mezani, nikamwambia haiwaki, aitazame." Alianza kulia. "Nilijua ataanza na hodi. Hawezi kuacha. Nilikuwa nyuma ya pazia. Alisema 'Hodi hu...' Hakumaliza."

Dada mtu alipiga yowe lililowafanya askari wainamishe vichwa. Pingu zikalia.

Simu ya Inspekta ikaita. Aliipokea kabla ya mlio wa pili.

"Afande, binti yuko salama. Amenikasirikia, eti nimemkatiza akiwa anakaribia kushinda."

Inspekta aliegemea meza. "Fungua ubavu wa kasha. Matundu ya ramu?"

Konstebo aliiweka simu chini. Skrubu zililia kwa mbali.

"Yamejaa, afande. Yote mawili."

Simu ilinyakuliwa. Kisha ikaja sauti ya binti, kali na yenye uhai.

"Baba, kuna nini? Mbona askari wako hataki niiguse? Ni nzima kabisa! Tangu jana inanitekenya vidole tu."