Neno la Mwisho la Papa Élisée

Sauti ya marehemu ilikuwa imeibwa, na mwizi alikuwa ameacha jina.

Inspekta Thérèse Kasongo alisimama mbele ya seva ya studio ndogo ya ughaibuni, barabara ya Chaussée d'Ixelles, wanakotengeneza video za harusi na matanga ya Wakongo. Humo ilihifadhiwa video ya Papa Élisée, mzee wa Butembo aliyefia Evere. Kabla ya kukata roho alirekodiwa akiwaachia watoto neno lake. Jumamosi, siku ya kuondoa matanga, ukoo mzima ungelisikiliza. Na neno la mwisho la baba, likishasikika mbele ya watu, limefunga. Hakuna wa kulifungua tena.

Faili ilikuwepo. Lakini ukiifungua, unamwona Papa Élisée akicheka, akibariki keki ya harusi ya watu. Video ya zamani imekalishwa mahali pa ile mpya, kwa jina lilelile. Kadi ya kamera nayo ilishafutwa, kama desturi ya studio.

Mlalamikaji alikuwa Joël, mtoto wa kwanza wa marehemu. Mshukiwa alikuwa Josias, fundi wa kompyuta, maana seva ilisema wazi: mwenye faili hii ni Josias.

"Hiyo jina ni yangu," Josias alisema. "Mukono si yangu."

"Nani mwingine anajua neno lako la siri?"

"Hakuna muntu."

"Donc, basi ni nani?"

Josias akainamisha kichwa. Ombi lake la uraia lilikuwa mezani kwa wakubwa. Kesi moja ya polisi na lingekuwa majivu. Mwenye studio, Jean-Pierre, ambaye wote walimwita tonton, yaani mjomba, alikuwa ameshamwambia akusanye vitu vyake.

Mwenda pole hajikwai. Inspekta aliuliza kwanza jinsi kompyuta zinavyoshirikiana. Jean-Pierre akaeleza kuwa zote ni za ukoo mmoja, Linux, zinachota faili kwenye seva kupitia mtandao wa ndani, na kila mfanyakazi aliiandaa yake mwenyewe na kuipa jina lake.

Inspekta akaketi kwenye kompyuta ya Josias, akaitazama ile faili. Mwenyewe: Josias. Akahamia ya Kahambu, mhariri wa video, binti wa marehemu, bado amevaa nyeusi. Faili ileile. Mwenyewe: Kahambu.

"Bon, sasa machine zangu zimelewa," Jean-Pierre alisema.

"Hazijalewa, tonton. Hazipelekeani majina, zinapelekeana namba. Mtu wa kwanza kuandikishwa kwenye kila moja hupewa namba ileile. Kahambu ni wa kwanza kwenye yake. Josias ni wa kwanza kwenye yake, na kwenye seva pia. Seva inaona namba, inasoma jina inalolijua."

Kompyuta za wafanyakazi zilikuwa hizo mbili tu, kwa hiyo mikono ilikuwa miwili, na mmoja ndio uliotenda. Kahambu alijibu kila swali kwa utulivu: alifika saa za kazi, alikata video za watu, akarudi kwake. Hakuinua macho.

Inspekta akaiagiza seva ionyeshe hata faili zilizofichwa. Ikatokea moja ya jina refu la ajabu, jina ambalo hakuna binadamu angelitunga, lenye uzito sawasawa na video iliyopotea.

Aliwafahamisha taratibu. Ukifuta faili ya mtandao huku kompyuta yako bado imeifungua, haifi. Kompyuta inaipa jina la kujificha, inakungoja uifunge. Ukiifunga, ndipo inapotoweka kabisa. Basi humu chumbani kuna mtu bado ameishika.

Kwa Josias hapakuwa na kitu. Kwa Kahambu, nyuma ya kazi zote, lilikuwepo dirisha moja. Papa Élisée kitandani, picha imesimama, mdomo nusu wazi.

"Ulifuta maneno yake," Inspekta alisema. "Mbona hukufunga?"

"Nilishindwa." Sauti ya Kahambu ilikuwa ndogo. "Ni sura yake ya mwisho. Nilifutaka, lakini kuifunga, mukono ilikataa."

"Kwa nini ulifuta?"

Kahambu alimgeukia kaka yake Joël, aliyesimama mlangoni.

"Yaya, kaka yangu, Papa alisema dada yetu Priscille asikanyage kilio yake. Juu ya kuolewa kule Uccle bila mahari, hata mbuzi moja. Alisema si mutoto yake tena. Ile neno ikisikika mbele ya batu, nani ataiondoa tena?"

Joël akageukia upande wa Josias. "Na Josias? Ulikuwa unaangalia tu vile banamusingizia?"

"Sikujua itabeba jina yake. Kisha nikaogopa."

Josias akapumua kama aliyetuliwa mzigo.

Inspekta akamwambia Joël mambo yalivyo. Malalamiko ni yake. Akiyashikilia, video itanakiliwa sasa hivi kuwa kielelezo, na kesi itaendelea. Akiyaondoa, faili ni mali ya familia.

"Mbele ya batu haijasikika bado," Joël alisema.

"Bado," Inspekta alijibu.

Joël akayaondoa malalamiko, akamwomba Josias msamaha, mbele ya Jean-Pierre. Kisha akaketi kwenye kiti cha dada yake, akautazama uso wa baba.

"Unihurumie, Papa."

Akafunga dirisha. Kwenye seva, lile jina la kujificha likatoweka.

"Muite Priscille, akuje Jumamosi," alimwambia Kahambu. "Miye namba yake sina."